Kipimo Ulichowasomea Wazee

Baba Nasra,

Salamu sikupi nyingi, maana najua utataka kuzipima kwanza kama ni za kweli.

Unakumbuka tulipopanga Manzese? Ukichelewa kidogo tu kutoka kazini, mimi nishakuona umegongwa, umelazwa, umezikwa. Mwaka wa kwanza ulinishika mkono ukaniambia, "Tulia mke wangu, mie huyu hapa." Nilikupenda kwa hilo, sikatai. Kisha ukachoka, ukaanza kuniita mdekaji.

Daktari aliposema nina ugonjwa wa wasiwasi, ulicheka. Ukanipeleka mwenyewe maabara nikapimwe kotisoli, ile homoni ya msongo wa mawazo, ukitangulia mbele kama bwana harusi. Majibu yakatoka ya kawaida. Basi! Ukaitisha kikao, mjomba wangu na wazee wa kwenu mkekani, ukawasomea kwa sauti ya khatibu: "Homoni iko sawa. Huyu haumwi, ananichosha tu." Wazee wakaguna. Mjomba akainamisha kichwa. Talaka ikafuata.

Daktari hukumuuliza. Nilimuuliza mimi. "Wenye wasiwasi wapo ambao kotisoli yao iko juu, wapo ambao iko chini, na wengine iko kawaida kabisa," akasema. "Mama, kipimo hiki hakituambii nani anaumwa wasiwasi na nani haumwi." Jibu fupi hivyo, nawe uliona uvivu kuliulizia. Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini wewe ulikuwa unakilalia hicho hicho.

Sasa nauza vitunguu sokoni Mabibo. Nameza dawa, naonana na mshauri. Wasiwasi bado upo. Lakini wewe siku hizi sikuogopi. Nakudharau tu, tena kwa raha zangu.

Ila jana Nasra kanionyesha ujumbe wako. Mtoto kakueleza kifua kinambana, chakula hakipiti, anaogopa mtihani na kila kitu, nawe ukamjibu: "Usiige ya mama yako. Hamia huku Tegeta nikupeleke ukapime homoni, zikiwa sawa uache drama." Alinifuata gengeni na sare za shule, akaniuliza, "Mama, kwani na mimi naigiza?"

Nilimwambia hapana, mbele ya wateja, kwa sauti. Wiki hii nampeleka kliniki. Tegeta hahamii.

Ukitaka kumwona, njoo Mabibo, ukae kwenye gunia la vitunguu, umsikilize mpaka amalize. Akishamaliza, sema "pole, mwanangu." Hayo ni maneno mawili tu, hata wewe utayaweza.

Kwaheri ya asiyekuhitaji,
Mama Nasra