Musoki Alichagua Mdomo

Ijumaa, Oktoba 2015. Kasese.

Mvua imenyesha tangu mchana na mlima hauonekani. Nimerudi kutoka Bwera nguo zimelowa. Sijui kama nina huzuni. Nataka tu kuandika mambo yalivyokwenda, kabla sijaanza kuyapamba.

Musoki ni dada yangu mkubwa. Anauza chumvi ya Katwe katika soko la Bwera, na wateja wake wengi ni akina mama wanaovuka mpaka kutoka Kongo. Mapema mwaka huu mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Kisha maneno yakawa yanamkwama katikati ya bei. Mama alisema ni kifafa, akaita watu wa kanisa wamwombee. Siku alipoanguka juu ya magunia tulimpeleka Kampala, akapigwa picha ya kichwa.

Uvimbe wa saratani kwenye ubongo. Upande wa kushoto, jirani kabisa na mahali pa kusemea.

Nilitegemea daktari atupe siku ya upasuaji, basi. Badala yake akaanza kumuuliza dada: anatumia mkono gani, anafanya kazi gani, nyumbani anaongea lugha gani, sokoni je? Alisema hawezi kumpasua Musoki kama alivyompasua mgonjwa wa jana, kwa sababu maneno hayakai mahali pamoja kwa watu wote.

"Lhukonzo iko ya mama na ya kusali," Musoki alijibu. "Kiswahili iko ya kazi. Kizungu mukiikuta, mutoe."

Daktari alicheka. Halafu akaacha kucheka, akaeleza. Akikata mpaka mwisho, huenda dada angeishi muda mrefu zaidi, lakini huenda asingesema tena. Akimpasua akiwa macho, huku anaongea, angeweza kusimama pale maneno yanapoanzia. Kipande kingebaki, na kipande cha namna hiyo hukua tena.

Mimi nilitaka akate mpaka mwisho. Nilisema hivyo mbele yao wote wawili.

"Masereka," dada akaniambia, "wakinifunga mukono, nitauza na ule mwingine. Wakinifunga mudomo, mimi niko nani?"

Kichwa ni chake.

Wakati wa upasuaji angeonyeshwa picha za vitu avitaje, lakini zile za hospitali zilikuwa na vitu ambavyo hajawahi kuviona, kwa hiyo daktari alinituma nyumbani nikapige picha za vitu vyake mwenyewe. Na kwa kuwa hakuna muuguzi pale aliyejua Lhukonzo, walinivalisha gauni na barakoa, nikaingia naye. Hilo sikuliomba.

Walimtia usingizi wakati wa kufungua fuvu, kisha wakamwamsha. Mimi niliona uso wake tu. Kichwa kilikuwa upande wa pili wa kitambaa. Nilimwonyesha picha moja moja, naye daktari huko nyuma akigusa ubongo kwa umeme mdogo, apate kujua maneno yanakaa wapi. Jembe. Mbuzi. Muhogo. Mama yetu. Ilipofika picha ya chumvi aliitaja kwa Lhukonzo mara moja. Kwa Kiswahili, kimya. Midomo ilitembea, neno halikutoka. Daktari akaondoa umeme.

"Chumvi!" dada akasema, kwa hasira kidogo. "Chumvi, chumvi."

Pale hawakukata.

Baadaye, sehemu nyingine, alikwama kwa lugha zote mbili. Daktari akajaribu tena, akakwama tena. "Tunaishia hapa," daktari akasema.

Nilielewa kilichobaki ndani ni nini. Niliendelea kushika picha ya mbuzi. Ukweli ni kwamba wakati ule nilitamani daktari asiishie pale.

Akapona jeraha, akapata mionzi, akarudi nyumbani. Siku hizi anakaa sokoni asubuhi tu. Mkono wa kulia ni dhaifu. Anapima kwa wa kushoto.

Jana daktari alinipigia simu. Picha mpya inaonyesha kile kipande kimeanza kukua. Leo nikaomba ruhusa shuleni, ambako nafundisha Kiswahili, nikaenda kumwambia.

Nilimkuta akibishana na mama mmoja wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka.

"Chumvi yako iko na maji mingi, punguza bei," mteja alisema.

"Maji iko ya mvua, mama. Chumvi iko mukavu. Ingiza mukono, usikie."

Mteja alinunua. Alipoondoka nikasema nilichotumwa. Musoki alifunga mdomo wa gunia kwa meno na mkono mmoja.

"Daktari alisema itarudi," akanijibu. "Hakutudanganya."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana. Na naweza kukuambia naogopa."

Nikafanya ninachofanya kila nikimtembelea tangu atoke hospitali: niliinua kopo la kupimia, nikamuuliza, hiki ni nini?

"Mwalimu," akasema, "mimi siko mutoto wa darasa la kwanza. Shusha kopo yangu."

Nikalishusha. Tena alikosea ngeli, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumsahihisha.

Daktari anamtaka Kampala mwezi ujao, wazungumze kama inafaa kupasua tena. Atakachoamua nitakifuata, hata kama sikubaliani nacho. Lakini kabla ya hapo nitarudi Bwera siku ya soko, na sitamuuliza jina la kitu chochote. Nitakaa juu ya gunia nimsikilize.