Chini ya Mstari Mwekundu

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo! Ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Siku arobaini, krediti sita, kisha nihitimu, nimalizane na chuo.

Nilifika saa moja na dakika kumi. Mlinzi alikuwa bado anafunga mkanda. Benchi la barazani limeshajaa wananchi, ila nyuma ya kaunta hakuna hata paka. Nikafungua daftari la mahudhurio, nikasaini mstari wa kwanza.

Kosa! Karani mkuu alipoingia — mzee mwenye rula na kalamu nyekundu, wenzake humwita Bwana Rula — alilipaka jina langu wino mweupe wa kufutia. Kwa upole kabisa. Akanieleza kwamba mwanafunzi hatangulii wakubwa kwenye ukurasa, niwe nasaini wakishamaliza wote. Nikaomba radhi. Heshima si utumwa, nikajiambia.

Jumatano, 5 Juni

Nimeelewa daftari linavyokwenda. Halina safu ya saa. Saa ni mstari! Bwana Rula hupiga mstari mwekundu: walio juu yake wamewahi, walio chini wamechelewa. Bango ukutani linasema kazi huanza saa mbili kamili. Leo mstari umepigwa saa tatu na robo, baada ya karani wa mwisho kuingia na chupa yake ya chai. Ndipo nikaitwa nisaini, chini ya mstari.

Wakati huo nilikuwa nimeshafagia, nimewapanga watu kwenye foleni, nimegawa fomu hamsini. Nilicheka. Nikamsimulia shangazi tukiwa tunachambua mchele, nikidhani naye atacheka.

Hakucheka. "Chini ni chini, mwanangu, hata ukiwekwa kwa adabu."

Shangazi naye! Kila kitu kwake ni msiba.

Jumatano, 19 Juni

Nimechoka na nina hasira.

Bibi wa kikapu amekuja mara ya nne. Namwita hivyo kwa sababu hakiachi kikapu chake hata akiwa amekaa. Mjukuu wake hapokelewi shule bila cheti, na kila akija anaambiwa jalada halionekani. Halionekani na nani? Hakuna aliyelitafuta! Nikaingia stoo. Mafaili yamerundikwa sakafuni mpaka usawa wa dirisha, vumbi, mavi ya panya. Nimechambua masaa matatu. Nikalipata chini ya feni mbovu.

Bibi alikiweka kikapu chini, akanishika mikono yote miwili. Ningefungua mdomo ningelia mbele za watu. Sasa anasubiri cheti kichapwe.

Ijumaa, 12 Julai

Stoo imekwisha! Nimeipanga yote, mwaka kwa mwaka. Mafua tele. Bwana Rula kaikagua, mikono nyuma, kasema safi sana. Kumbe kusifu anajua.

Jumatatu, 22 Julai



Bwana Rula kanipa fomu ya chuo niione kabla haijapelekwa. Siku alizowahi: 0. Siku alizochelewa: 35.

Sifuri! Na chuo hakihesabu siku ya kuchelewa, hata nusu. Kwa hiyo kwa karatasi sijafanya kazi hata siku moja. Stoo imejipanga yenyewe. Fomu zimejigawa. Mwaka mzima nirudi kukaa na wanaonifuata, kwa sababu nilikuwa na adabu!

Nilimkumbusha kwamba ni yeye aliyeniambia nisaini mwisho. Akakubali bila kupepesa macho.

"Mwanangu, mimi sijaandika kitu hapa. Nimehesabu tu. Daftari halisemi uongo."

Na anaamini! Hilo ndilo linaloniunguza. Angekuwa ananionea kwa makusudi ningejua pa kumshika. Huyu roho yake nyeupe. Kaniaga vizuri, kaniambia nisisahau mwavuli.

Jumanne, 23 Julai

Nimemwambia shangazi. Gauni la mahafali alilokwisha kunishonea kalikunja, kalirudisha sandukuni. Hakusema nilikuambia. Afadhali angesema.

Jumatano, 24 Julai

Mlinzi kaniita kibandani kwake. Kumbe naye ana daftari! Kila anayepita getini anamwandika, na saa. Mimi: 1:10, 1:05, 1:12, siku zote, hata siku za mvua. Wakubwa zangu: tatu, tatu na nusu. Mkuu wa ofisi saa nne. Nilisoma mpaka macho yakaniuma. Ukistaajabu ya Musa!

"Kesho mwalimu wako akija kukukagua, mpe hili," kasema. "Mimi naandika ninachokiona."

Mkataba wake unaisha mwezi huu. Wa kuuongeza ni mkuu huyo huyo wa saa nne. Nikamrudishia. Alisisitiza, nikakataa. Sitaki krediti za kulipiwa na riziki ya mtu mwingine. Lakini nimerudi nyumbani nimenuna, na sijui kama nimefanya wema au ujinga.

Alhamisi, 25 Julai

Naandika chini ya kaunta, haraka.

Mhadhiri wangu anakuja saa tatu kunikagua. Mimi nilifika saa moja na dakika tano. Nikafungua ukurasa mpya, nikasaini mstari wa kwanza, herufi kubwa kama bango. Kisha nikakaa kuitazama saa ya ukutani. Ilipogonga saa mbili kamili, nikatoa rula na kalamu nyekundu kwenye droo ya Bwana Rula, nikapiga mstari.

Umenyooka! Jina moja juu. Langu.

Watu wa benchini waliona kila kitu kupitia dirisha la kaunta. Bibi wa kikapu yupo, wa kwanza kabisa — wiki tano tangu jalada lipatikane, na cheti bado!

Bwana Rula kaingia saa mbili na nusu. Kaliona daftari. Hakufoka. Kavaa miwani, kavua, kavaa tena, kisha kafungua kichupa cha wino mweupe.

"Baba," bibi kamwuliza taratibu, "unafuta nini? Sisi sote tumemwona akiingia."

Mkono wake ukabaki hewani.

Sasa wenzake wamefika, wako saba nyuma yake. Hakuna anayetaka kuanza chini ya mstari. Kalamu inapita mkono kwa mkono, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia, tangulia wewe. Adabu imewajaa leo! Foleni imehamia upande huu wa kaunta, na benchi zima linaitazama. Mimi siombi radhi. Leo siombi.

Mhadhiri huyo, kaingia. Kasalimia watu wote kwa zamu. Kaomba daftari la mahudhurio.

Bwana Rula kalifunga. Kalikumbatia kifuani, kichupa bado ki wazi mkononi. Wino mweupe unamdondokea shatini, na mhadhiri bado amenyoosha mkono.