Pasipoti ya Nekesa kwenye Sinia

Jumapili, Oktoba 2009, Kitengela. Upepo na vumbi tangu asubuhi. Ng'ombe wanazidi kufa kwa kiangazi huko Kisaju. Mkono wangu wa kulia umevimba.

Umevimba kwa sababu nimempiga mdogo wangu mbele ya mchungaji.

Nekesa anasafiri Jumatano kwenda Uarabuni kufanya kazi ya nyumba, kama nilivyofanya mimi. Kwetu mtu hapandi ndege bila kuombewa. Mama alitoka Kimilili, mchungaji akaja na chupa yake ya mafuta, pasipoti ikawekwa kwenye sinia juu ya meza yangu ili ipakwe. Halafu nikaambiwa nitoe ushuhuda, mimi niliyetangulia.

Ushuhuda wangu nimeushika kichwani. Nimeutoa kanisani mara nyingi: familia nzuri, madam ananiita binti yake, Mungu ni mkubwa. Ni uongo mtupu. Niliporudi nilikuta Mama ameitundika picha yangu na madam sebuleni, majirani wanaingia kuitazama, nikaona haya. Makovu ya mikononi nikasema ni mafuta ya kukaanga. Ya mgongoni nikayafunika.

Nilisimama niseme yale yale. Nekesa akanikatiza, akicheka.

"Dada, kuna kitu nilikuwa nakuficha. Nilimwomba ajenti anipeleke kwa wale wako. Wamekubali."

Wale wangu.

"Huendi," nikasema.

"Wewe ulienda, ukamjengea Mama nyumba. Sasa mimi nikae hapa tu nikiuza sukuma wiki? Hiyo ni wivu, Nafula."

Nilimchapa kofi, kisha ngumi ya mdomo. Akanikamata nywele. Meza ikapinduka, sinia ikalia sakafuni, chupa ya upako ikavunjika, na tukagaragara kwenye yale mafuta kama mbwa. Mchungaji alinivuta kwa blauzi hadi ikapasuka mgongo mzima.

Akaniachilia.

Mgongoni nina alama ya pasi, yote, hadi ncha yake. Nilikuwa nimeunguza shati la mume wa madam, na madam akanibandika pasi ile ile huku akihesabu polepole hadi kumi. Siku nyingine alinigongesha kichwa kwenye sinki hadi jino likatoka, watoto wake wakiwa mezani wanakula. Niliyasema hayo nikiwa nimekaa sakafuni, bila kulia. Nikasema na lile ambalo sijawahi kuliandika hata hapa, kwamba alasiri moja nilisimama juu yake na kisu akiwa usingizini. Kilichonizuia si Mungu. Alikuwa amemlaza mtoto kifuani.

Mama alianza kuokota vipande vya chupa.

"Huyo mama nimekuwa nikimwombea kila asubuhi," akasema. "Namwombea maisha marefu."

Nekesa alifuta damu mdomoni. Nilidhani ameelewa.

"Basi nitamwambia ajenti anitafutie nyumba ingine."

Nilitaka kumpiga tena, na ningempiga kweli. Badala yake niliiokota pasipoti sakafuni, nikavaa sweta, nikatoka. Niko saiba, kwenye kompyuta za kulipia hapa barabarani, na nimeikalia ninapoandika. Inateleza kwa mafuta. Mara tatu nimeitoa niichane.

Kinachonishinda ni hiki. Siku niliyofika kule, kabla hata sijapewa maji ya kunywa, madam alichukua pasipoti yangu akaifungia kabatini. Alisema ni kwa usalama wangu.

Sasa mimi niko tofauti naye wapi?

Nitamrudishia Nekesa leo hii, mkononi mwake. Lakini kwanza nitavua sweta, nimpe mgongo, na atapitisha vidole vyake kwenye hiyo alama yote, hadi kwenye ncha. Akimaliza, aamue mwenyewe.