Kifungo Hakuwa Akikoroma

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako umepoa na zamu za wodini hazikumalizi. Huku wote ni wazima wa mwili. Mama anakusalimu sana, anasema usingizi wake wa mchana umemrudia. Cherehani yangu bado inakata uzi kila ninapokuwa na haraka, kama vile imeajiriwa kunikomoa. Mbwa wako Karanga anakula vizuri.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ningekutania, unanijua, ungecheka, kisha ningeaga bila kusema kitu. Kwa hiyo naandika, hapa hapa kwenye meza ya kukatia.

Kifungo amekufa. Ilikuwa Jumanne asubuhi, kwa daktari wa wanyama, kwa sindano. Mimi ndiye niliyekubali, na mimi ndiye niliyemshika kichwa. Halafu nikarudi kazini nikapinda sketi sita za shule, na hakuna hata moja iliyokwenda upande. Mikono iko sawa, moyo ndio umekufa ganzi. Mama ameshalia mara mbili. Mimi bado.

Ile sauti niliyokurekodia, ukawasikilizisha manesi wenzako mkasema mtoto anakoroma kama babu aliyeshiba, haikuwa kukoroma, dada. Alikuwa akitafuta hewa. Daktari alinieleza kuwa pua aliirithi kwa baba yake, ile bapa iliyobanwa mpaka ndani, na magoti akayarithi kwa Karanga, haya yanayoteguka akiruka tu kutoka kwenye kiti. Nikamwambia mbona watu husema chotara huwa na afya kuliko wazazi wake. Akasema hutokea, lakini hakuna anayeingia tumboni kuchagua, na ukikutanisha kasoro mbili mtoto anaweza kuzizoa zote. Pua ingeweza kupasuliwa, ila alihofia hataamka kwenye dawa ya usingizi. Jumatatu ulimi ulikuwa umegeuka bluu. Miezi mitano tu, na alikuwa hawezi kuvuka chumba bila kuketi njiani. Sisi tukasema mvivu. Mama alikuwa akimwita Meneja.

Sasa nikwambie lile lililonifanya nishike kalamu. Nilikuambia geti lilibaki wazi, dume la jirani yetu mwalimu likaingia, bahati mbaya. Geti lilikuwa limefungwa. Nilimtia Karanga kwenye kapu la vitambaa nikampeleka mwenyewe kumpandisha, siku mbili mfululizo. Mwalimu aliniuliza kama mwenye mbwa anajua. Nikamjibu kuwa mwenye mbwa ni mimi. Na daktari alikuwa ameshanionya, siku ile ya chanjo, kwamba mwenye magoti haya asizalishwe, tena na dume lenye pua ile ndiyo kabisa. Niliitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, huku kichwani nikiwaza watoto watatoka na uso gani.

Utauliza kwa nini. Miaka mitatu sasa Karanga namlisha mimi, namchana mimi, namwogesha mimi, na bado analala mlangoni juu ya ndara zako. Mtu akibisha hodi anaruka, akimwona si wewe anarudi kulala. Hata mimi nikitoka sokoni ananikagua, kisha anarudi kulala. Nilikuwa naona wivu, dada, wa mbwa. Nilitaka nyumba hii iwe na mbwa mmoja ambaye hakungoji wewe.

Na kweli nilimpata. Kifungo alikuwa akijikokota na magoti yake mpaka chini ya cherehani, analala juu ya kanyagio, nashindwa kushona, nami namwacha. Nilikuwa nafurahi, na yeye alikuwa haelewi kwa nini hewa haitoshi.

Wahenga wana methali za watu kama mimi. Usiniandikie hata moja, zote nazijua. Najua pia ulishamnunulia Kifungo mkanda wa shingo wa kuja nao likizo, wa bluu. Ukija ukaamua kumchukua Karanga umpeleke kwa mtu mwingine, sitasema neno. Uliniachia nikutunzie, nikafanya nilivyofanya. Ningekuomba ruhusa nisingepewa, ndiyo maana sikuomba.

Mama anakukumbusha koti lake. Wasalimie manesi, waambie ukweli kuhusu ile sauti, maana bado wanacheka. Lakini usiifute, tafadhali. Mimi ninayo pia. Ila ukija usiicheze karibu na Karanga. Niliicheza juzi, bila kufikiri, nikitaka tu kuisikia. Alitoka mlangoni, akaziacha ndara zako, akaja kutafuta chini ya cherehani. Yuko pale mpaka sasa ninavyoandika, na mimi sijakanyaga kanyagio.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi