Kuku Mweusi wa Mama Mdogo

Mama yangu uliyelala,

Leo nimekukumbuka nikiwa nimeinama bandani, mtoto mgongoni, pua karibu na mavi ya kuku. Samahani kwa kuanza hivyo, lakini ndivyo ulivyonilea. Wenzangu mama zao waliwafundisha kusuka nywele. Mimi ulinifundisha kuchungulia matakoni mwa kuku.

Unakumbuka? Asubuhi za ukungu, kabla sijaenda shule, ulimkamata tetea ukambana kwapani, ukampanua mdomo. Ute ukivutika kama mlenda, wewe unanishika kisogo: "Angalia. Usigeuze uso." Nilitaka kutapika. Ukanionyesha kinyesi cha kijani chenye weupe wa chokaa, kilemba kilichogeuka zambarau, kuku anayesinzia na jua limeshawaka, mabawa yamening'inia kama kanga iliyolowa. "Huyu ana mdondo. Huyu hapikwi wala hagawiwi." Ukamzika mbali, ukanawa mpaka viwikoni. Siku hiyo nilikataa ugali, nawe ukacheka: "Kinyaa ni kizuri, mwanangu. Kishike."

Nimekishika, Mama. Tangu serikali ilipotuhamishia kijijini nyumba zimebanana, kuku wa huyu wanakula jalalani kwa yule. Mdondo ulipoingia upande wa chini, watu waliwahi kuchinja wale waliokuwa wanasinzia. Matumbo wakayatupa njiani, mbwa wakayaburuta mpaka mlangoni kwangu, nzi juu yake kama ulezi uliomwagika. Jirani akaniletea na bakuli la mchuzi. "Kunywa, Mama Paulo, unanyonyesha." Nikaangalia vidole vyake, manyoya bado yamegandia kwenye kucha. Nikasema nimeshiba. Nilikuwa na njaa.

Na mimi sina ng'ombe wa maziwa. Paulo nilimwachisha ziwa mapema kwa ajili ya mdogo wake, mashavu yamebonyea. Kinachomshikilia ni yai la asubuhi. Ndiyo maana hawa kuku siwachezei.

Basi akaja mdogo wako. Alipanda lori la ngano kutoka Mbulumbulu kuja kumwona mtoto, na kama tulivyozoea, hakuja mikono mitupu. Alikuja na kuku jike mweusi, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, kamkumbatia kifuani njia nzima. Nilimpokea kwa mikono miwili. Kuku akakoroma. Nikaona kwenye gauni la kanisani la Mama Mdogo mchirizi wa kijani unateremka.

"Mama Mdogo, huyu anaumwa."

"Anaumwa nini! Lori limemtikisa. Hata mimi utumbo umehama. Mfungue akae na wenzake."

"Hapana. Atakaa chini ya tenga, kule nyuma ya choo."

"Nyuma ya choo! Zawadi ya mtoto? Kwani ameiba?" Akacheka, halafu akaona mimi sicheki.

Asubuhi tulimkuta shingo imepinda, ute umeganda puani pamoja na vumbi, siafu wameanza na macho. Mama Mdogo akamgusa tumboni, akasema bado ana joto, tumchemshe na pilipili ya kutosha. Alikuwa ameshabandika maji.

Nikamwambia, "Heshima yako ninayo, Mama Mdogo, lakini huyu haingii kwenye sufuria yangu."

Nikachukua jembe. Nilichimba kule kule nyuma ya choo, mtoto analia mgongoni, naye amesimama ananitazama.

"Unazika zawadi yangu nikiona kwa macho yangu," akasema. "Dada angekuwepo!"

Ungekuwepo, Mama, ungenipokea jembe.

Aliondoka chai akiiacha nusu. Kuku wangu wako wazima wote mpaka leo. Nawafungia, nawapanua midomo mmoja mmoja, nachungulia, nanusa. Paulo amekula yai lake. Lakini kila ninayempa salamu azifikishe Mbulumbulu kwa Mama Mdogo anarudi bila jibu. Nimechoka, Mama. Nimechoka na uozo, nimechoka kuonekana mbaya kwa watu ninaowapenda. Yeye ndiye aliyebaki na sauti yako. Akiita "we mtoto" huwa nageuka nikidhani ni wewe.

Jana mtu wa lori kaniambia banda lote la Mama Mdogo limekwisha, hata kifaranga hakubaki. Hakuniletea salamu, ila nimeelewa.

Jumapili nitakwenda. Nitambebea mahindi na sukari. Kuku simpelekei, mdondo bado umo bandani mwake, watakufa tu. Akilia nitalia naye. Akisema nilikosea kumzika yule mweusi, nitamwambia sikukosea. Akinikumbatia nitamkumbatia, hata gauni lake likiwa bado na mchirizi ule wa kijani. Na nikirudi nitavua viatu barabarani, ninawe miguu mpaka magotini, nibadili nguo, ndipo nifungue banda.

Pumzika, Mama. Huku bado kuna baridi.

Ni mimi,
binti yako mchimba mashimo