Viganja vya Chon

Jumapili, 10 Februari 2019

Misa imekwisha, menudo imeiva. Jumapili bila supu ya utumbo si Jumapili nyumba hii. Asubuhi mume wangu alinisaidia kuosha utumbo, ule wa taulo. Nikaviona viganja vyake majini — vinene, vya mikunjomikunjo, laini kama mahameli. Taulo tupu! Nikamwambia, Chon, toa mikono nisije nikaikatia sufuriani. Akacheka. Ni saruji hiyo, kasema, mafundi lipu wote wa San Antonio wanayo.

Supu yake kampa mbwa.

Jumatano, 13 Februari

Saruji gani? Hajaigusa tangu kabla ya Krismasi, goti lilipomlaza. Mbona viganja vinazidi? Nimemuuliza, kanijia juu. Wifi Chela naye: Ofelia, acha kumchimba kaka yangu, mpake mafuta ya nguruwe. Nimempaka. Bure.

Jumatatu, 18 Februari

Kakubali kwenda kliniki — kwa ajili ya goti tu! Mbele ya daktari mikono kaitia mfukoni. Nikauvuta mmoja, nikaukunjua mezani. Daktari, binti wa watu, akasogeza taa. Akauliza, hamu ya kula je?

"Nakula kama farasi," Chon akasema.

Mwongo! Nikasema yote. Mbwa. Mkanda aliotoboa tundu jipya.

Daktari kasema viganja vya namna hii mara nyingi ni dalili ya saratani ndani, tumboni au kwenye mapafu. Si lazima iwe hivyo. Ila kamera ishushwe tumboni wiki hii hii.

Garini, kwenye taa nyekundu, ndipo akasema, "Umenichongea." Naogopa. Naogopa sana.

Ijumaa, 22 Februari

Hospitali. Kabla hawajamwingiza kanivulia pete yake nimshikie. Imetoka bila hata kuvutwa.

"Jumapili nipikie menudo ya nguvu, bibie. Bakuli lote langu. Huyo mbwa akatafute kazi!"

Nimecheka. Nimevibusu viganja vyote viwili.

Chela nilimwambia asije, ni kamera tu.

Daktari wa kamera katoka. Kauliza leo nimekuja na nani.

Na mume wangu, nikamjibu.

Hapana mama, kasema, mtu mwingine. Kaenda kuleta kiti, akae karibu nami. Ndio huyo anarudi nacho —