Jiwe la Miduara Kwenye Zizi Letu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Hapa Mount Dennis, huku ughaibuni, hatujambo. Mama yako amerudi kazini, na mdogo wako siku hizi nikimwita ananiitikia "abee" badala ya Kiingereza chake.

Umeniuliza kama ni kweli tuliharibu jiwe la watu wa kale kwa kulitumia kujengea zizi kule Singida. Nilikuwa nimeolewa majuzi tu. Babu yako na mimi tulikuwa tunajenga kwa mawe ya mlimani, na moja lilikuwa refu mno. Akainua nyundo alipasue. Hapo nikaona limechongwa miduara, mmoja ndani ya mwingine.

"Usilipige!" nikamwambia. "Kuna mtu alikaa akalichonga."

"Mtu gani? Hata babu yangu hakumkuta."

"Asiyejulikana naye alichoka kulichonga, mume wangu."

Akanitazama, kisha akaweka nyundo chini. Tukabomoa sehemu ya ukuta, tukaujenga upya ili jiwe likae zima, michoro ikitazama nje ng'ombe wasiisugue. Ukuta ukapinda, majirani wakatucheka sana.

Juzi wataalamu wa mambo ya kale walifika kule zizini wakalikuta halina hata ufa. Mawe mengine ya mlima ule, wamesema, yalishapondwa kokoto zamani. Wakamuuliza mjomba wako, aliyebaki kule, nani alijenga pale. Akajibu, "Baba yangu. Lakini aliyelinusuru jiwe ni mama."

Aliponisimulia kwa simu, nilimwomba aniambie tena maneno hayo, mjukuu wangu. Akayarudia.

Ni mimi bibi yako,
Mama Elia